Kati ya Muafaka na Maridhiano: Uhakiki wa Msamiati wa Taaluma ya Amani na Migogoro katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Taaluma ya amani na migogoro imekwishapata makazi katika vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki, lakini lugha inayotumiwa kuifundisha si lugha ambamo migogoro mingi ya eneo hili huchochewa, hujadiliwa na kusuluhishwa. Makala haya yanahakiki msamiati wa taaluma hiyo kwa kulinganisha istilahi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza na dhana zilizozaliwa ndani ya siasa za Kiswahili, hususan muafaka na maridhiano ya Zanzibar kati ya mwaka 1999 na 2010. Hoja kuu ni kwamba taaluma imezikaribisha lugha za Kiafrika kama ghala la mila, si kama chombo cha kujengea nadharia. Inaelezwa pia namna kasoro hiyo inavyoathiri uchambuzi na ushauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Utafiti wa amani ni taaluma changa. Taasisi ya utafiti wa amani ya Oslo ilianzishwa na Johan Galtung na wenzake mwaka 1959. Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden kilifungua idara yake mwaka 1971, cha Bradford nchini Uingereza kikaanzisha nafasi ya uprofesa wa fani hiyo mwaka 1973, na Umoja wa Mataifa ukaunda Chuo Kikuu cha Amani nchini Costa Rica mwaka 1980. Taaluma hiyo ililelewa na hofu ya vita vya nyuklia baina ya mataifa makubwa, na maswali yake ya mwanzo yalikuwa maswali ya mabara yaliyokuwa yametoka katika vita viwili vikuu.

Afrika Mashariki iliipokea kwa mlango mwingine. Kituo cha Usimamizi wa Migogoro cha Butare kilianzishwa mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Chuo Kikuu cha Gulu kilijenga masomo yake ya amani katikati ya eneo lililoumizwa na vita vya Kaskazini mwa Uganda. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega, Makerere, na taasisi kadhaa za Nairobi nazo zina programu za aina hiyo. Hapa somo halikuzaliwa na hofu ya bomu ambalo huenda lingerushwa; lilizaliwa na makaburi yaliyokuwa bado mabichi.

Hata hivyo, orodha za usomaji ni zilezile. Mwanafunzi huanza na Galtung, hupitia waraka wa Boutros Boutros-Ghali wa mwaka 1992 kuhusu ajenda ya amani, kisha humalizia kwa John Paul Lederach (1997) na nadharia yake ya upatanisho katika jamii zilizogawanyika. Baada ya hapo huenda uwandani, huhoji watu kwa Kiswahili, Kiluhya, Kiacholi au Kinyarwanda, hurudi, na huandika tasnifu yake kwa Kiingereza. Bujumbura na Bukavu, kwa Kifaransa. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi kuna maneno yanayodondoka njiani, na mara nyingi ndiyo maneno yaliyobeba hoja.

2.0 Istilahi za kukopa na mzigo wake

Jaribio la kumwandika Galtung kwa Kiswahili hukwama mapema. Katika makala yake ya mwaka 1969, Galtung alilipanua neno la Kiingereza linalotaja matumizi ya nguvu ya kudhuru, ili lijumuishe pia hali ambamo hakuna anayepiga lakini watu wanakufa kwa jambo linaloepukika. Mfano wake ni kifua kikuu: aliyekufa kwa ugonjwa huo katika karne ya 18 hakudhulumiwa na mtu, ilhali anayekufa leo wakati tiba ipo ameuawa na mpangilio wa jamii. Tafsiri inayojitokeza mara kwa mara ni “vurugu za kimuundo”. Tafsiri hii inageuza maana juu chini. Vurugu ni kilichovurugwa: makelele, mawe, watu kukimbizana. Jambo ambalo Galtung alitaka lionekane ni lile lisilovuruga chochote, linaloua kwa utaratibu, kimyakimya, ofisi zikiwa wazi. “Ukatili wa kimuundo” ni nafuu kidogo, lakini ukatili nao ni tabia ya moyo wa mtu.

Kinachoshangaza ni kwamba Kiswahili kina neno lililokuwa tayari linafanya kazi hiyo. Dhuluma haihitaji kofi. Mirathi ya yatima ikiliwa, shamba likichukuliwa kwa hati halali, mshahara ukizuiwa, hiyo ni dhuluma, na msemaji yeyote wa lugha anajua kwamba maisha yamepunguzwa pasipo damu kumwagika. Galtung alilazimika kulivuta neno la Kiingereza hadi lifike huko. Kiswahili kilikuwa kimekwishafika.

Tofauti moja inabaki nayo ina uzito wa kinadharia. Dhuluma huuliza dhalimu ni nani. Nadharia ya Galtung, kinyume chake, inajivunia kuondoa mtendaji: muundo ndio unaoua, na huenda asiwepo mtu wa kunyooshewa kidole. Je, Kiswahili kinakosea kwa kusisitiza kuwepo kwa mtenda, au nadharia ndiyo inayowasamehe mapema mno wale wanaonufaika na muundo? Swali hilo lingestahili semina nzima ya shahada ya uzamili. Haliwezi kuulizwa darasani ambako neno dhuluma halijatajwa.

Jozi ya “amani hasi” na “amani chanya” ina matatizo yake. Hasi na chanya ni istilahi za hisabati na umeme zilizohamishiwa kwenye maadili, na msikilizaji ambaye hajapita darasani hushangaa amani inawezaje kuwa hasi. (Wafugaji, wanaolijua zaidi neno kuhasi, huenda wakapata taswira ambayo hakuna profesa aliyeikusudia, ingawa kwa amani ya kuzima risasi bila kuzaa haki taswira hiyo haiko mbali sana na ukweli.) Wakati huohuo lugha ina mtandao wake wa maana ambao haujaguswa. Amani, amana na imani ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Amani katika maana yake kongwe ni dhamana anayopewa mtu kwamba hatadhurika. Kwa msingi huo, amani ni ahadi iliyowekwa mikononi mwa mwingine, ambayo inaweza kutunzwa au kuliwa kama amana inavyoliwa.

Maana hiyo imefifishwa na lugha ya majukwaa. Katika hotuba za kisiasa nchini Tanzania, amani karibu haitembei peke yake. Huandamana na utulivu, na nchi huitwa kisiwa cha amani. Utulivu ni sifa ya wanaotawaliwa, wakati dhamana ni wajibu wa anayetawala. Maneno hayo mawili yanapofungwa pamoja, anayedai dhamana huonekana ndiye anayevunja utulivu. Mtaala wa amani usiomfundisha mwanafunzi kulifungua fundo hilo la maneno mawili umempa nyenzo za kuchambua hotuba za Geneva na kumwacha bila nyenzo za kuchambua hotuba ya mkuu wake wa mkoa.

3.0 Muafaka na maridhiano

Mfano wenye uzito kuliko yote unatoka Zanzibar, kwa sababu ndiko mgogoro mkubwa wa kisiasa ulikoendeshwa, ukajadiliwa na kuandikiwa mapatano kwa Kiswahili.

Uchaguzi wa mwaka 1995 ulimpa ushindi Salmin Amour wa CCM kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF. CUF ilikataa matokeo na wawakilishi wake wakasusia Baraza la Wawakilishi. Usuluhishi wa Jumuiya ya Madola chini ya Katibu Mkuu wake, Emeka Anyaoku, ulizaa mapatano ya Juni 1999, nayo yakaitwa Muafaka. CUF ingeutambua urais na kurudi barazani; serikali ingerekebisha tume ya uchaguzi na vyombo vingine. Marekebisho hayakutekelezwa ipasavyo, uchaguzi wa Oktoba 2000 ukavurugika, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 vyombo vya dola viliwafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Shirika la Human Rights Watch liliripoti watu wasiopungua 35 waliouawa, na takriban watu 2,000 walikimbilia Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kwa mara hiyo ilitoa wakimbizi.

Muafaka wa pili ulitiwa saini na makatibu wakuu wa vyama viwili tarehe 10 Oktoba 2001. Ulileta tume ya pamoja ya kusimamia utekelezaji na ahadi ya daftari la kudumu la wapiga kura. Uchaguzi wa 2005 nao ukaishia katika mabishano, na mazungumzo mapya yakakwama Machi 2008 baada ya Halmashauri Kuu ya CCM, iliyokutana Butiama, kutaka suala la serikali ya pamoja lipelekwe kwenye kura ya maoni. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar. Kilichofuata hakikuitwa muafaka wa tatu. Kiliitwa maridhiano.

Maandishi ya Kiingereza kuhusu Zanzibar hupita juu ya badiliko hilo kana kwamba ni suala la ladha. Mengi hulitaja tukio la 1999 kwa jina linalounganisha neno la Kiswahili na tafsiri yake, sawa na kusema “mapatano ya mapatano”. Tukio la 2009 hupewa neno lilelile linalotumika kwa Afrika Kusini ya Askofu Tutu. Kwa hiyo msomaji hapati fununu kwamba waliohusika walikuwa wanafanya uchaguzi wa kinadharia.

Muafaka unatokana na kuafikiana, na ndugu yake wa karibu ni kivumishi mwafaka: wakati mwafaka, jibu mwafaka. Maana yake ya ndani ni kulingana, kitu kukaa mahali pake. Pande mbili zinaweza kufikia muafaka bila kupendana, hata bila kuonana. Wawakilishi wanatosha, na karatasi inatosha. Maridhiano yana shina la ridhaa, na kiambishi cha kutendana kinadai kwamba kila upande uridhie na uridhiwe. Katika shina hilohilo kuna radhi, ambayo huombwa. Hakuna anayeomba muafaka kwa mtu aliyemkosea, huomba radhi.

Kwa hiyo badiliko la jina lilikuwa tathmini. Lilisema kwamba miaka kumi ya kulinganisha vifungu ilishindwa kwa kuwa vifungu vilikuwa vinatekelezwa na watu wasioridhiana. Hiyo ni nadharia ya amani, na kwa sehemu inafanana na ile Lederach aliyoitoa kuhusu kutanguliza mahusiano kuliko mikataba. Wazanzibari hawakuhitaji kumsoma ili kuifikia. Iwapo inafundishwa, hufundishwa kama mfano unaothibitisha nadharia ya mwingine.

Neno maridhiano linampa mhakiki pia kipimo cha kumhukumia aliyelitumia, na hapa ndipo thamani yake kwa mshauri wa sera inapoonekana. Kama maridhiano ni ridhaa ya pande zote, ridhaa ya nani ilitafutwa mwaka 2009? Mkutano wa Ikulu ulikuwa wa viongozi wawili, na yaliyosemwa humo hayakuwekwa hadharani kama mkataba. Ridhaa ya wananchi ilitafutwa baadaye, katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 waliunga mkono Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hilo ni jambo kubwa, na muafaka wowote wa awali haukuwahi kulifanya. Lakini upande wa radhi ulibaki mtupu. Mchakato haukuunda tume ya ukweli, na familia za waliouawa Januari 2001 hazikupewa jukwaa. Ridhaa ya kura ilipatikana, radhi haikuombwa.

Yaliyofuata yanasomeka vizuri zaidi kwa kipimo hicho. Mwaka 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alifuta uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba siku tatu baada ya kupigwa kura, uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na CUF, na serikali ya pamoja ikasambaratika. Wachambuzi waliotumia lugha ya ubunifu wa taasisi walijadili kasoro za katiba. Kasoro hizo zilikuwepo. Lakini neno lenyewe lilikuwa limekwishaonya kwamba muundo ulioingizwa kwenye katiba ulikuwa muafaka uliovaa jina la maridhiano. Serikali ya pamoja iliporejea mwishoni mwa 2020, safari hii kwa ushiriki wa ACT-Wazalendo, swali la radhi lilirejea nayo likiwa halijajibiwa.

Jambo moja zaidi linastahili kutajwa. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza falsafa ya “R nne”: maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linaloanza na herufi R. Herufi hiyo inafanya kazi katika Kiingereza pekee, na hivyo neno lililozaliwa Zanzibar, likiwa na historia ya miaka na majeruhi, lilirudi kwa wenyewe kama tafsiri. Nchini Kenya nako, mpango ulioanzia kwenye kusalimiana kwa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga Machi 2018, ambao jina lake la Kiingereza linazungumzia ujenzi wa madaraja, uliitwa maridhiano katika magazeti ya Kiswahili. Daraja linaweza kujengwa na wahandisi bila kuwauliza wanaoishi kingo mbili, maridhiano hayawezi. Malalamiko makubwa ya Wakenya dhidi ya mpango huo, kwamba ulikuwa wa wakubwa wawili, yalikuwemo ndani ya pengo hilo baina ya majina.

4.0 Maneno yanayotangulia panga

Ikiwa hoja ya sehemu iliyopita itaonekana kuwa ya wanafilolojia, mifano miwili itaonesha upande wake wa hatari.

Nchini Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki mwezi Aprili 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti. Miongoni mwake yalikuwemo madoadoa na kwekwe. Kwa mtafiti asiyeijua lugha, neno la kwanza ni alama za ngozi au kitambaa na la pili ni magugu ya shambani. Katika Bonde la Ufa, ambako ghasia za uchaguzi zilijirudia tangu mapema miaka ya 1990, maneno hayo yalikuwa na anwani: jamii zilizoonekana wageni, zinazopaswa “kuondolewa”. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia za 2007 na 2008. Mifumo ya tahadhari ya mapema, ambayo wahitimu wa taaluma hii huajiriwa kuiendesha, inategemea kusikia neno kabla halijawa kitendo. Anayefundishwa viashiria vya migogoro kwa majedwali pekee atalisikia neno hilo baada ya nyumba kuchomwa.

Mfano wa pili unavuka mpaka. Wazalendo ni neno ambalo Tanzania limetumika katika elimu ya uraia na hata katika jina la chama kinachogombea kwa kura. Katika Kivu Kaskazini, neno hilohilo limekuwa jina la makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali ya Kinshasa dhidi ya M23. Ripoti za kimataifa huliacha bila kulitafsiri, kama jina la kabila au la ukoo. Likiachwa hivyo, linapoteza dai lake: kwamba asiyejiunga si mzalendo, na kwamba jirani mwenye lugha inayoshukiwa si mwananchi. Mshauri wa sera wa Dodoma anayelisoma kwa masikio ya nyumbani atakosea kwa namna nyingine, kwa kulihisi ni neno jema. Kabla ya hapo Kivu ilikuwa na Mai-Mai, jina lililotoka katika maji, kwa imani ileile ya kinga iliyowasukuma wapiganaji wa Majimaji kati ya 1905 na 1907.

5.0 Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili, na moja tu lina nguvu. Lile dhaifu ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dhuluma na maridhiano zimekwishalijibu. Lile lenye nguvu ni kwamba Kiswahili chenyewe si lugha isiyo na upande. Nchini Uganda, wengi walikijua kama lugha ya askari kabla ya kukijua kama lugha ya vitabu, na kumbukumbu hiyo haifutwi kwa maazimio ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwathirika wa Gulu anayelazimika kusimulia mateso yake kwa Kiswahili huenda akawa anaulizwa kwa sauti ya aliyemtesa. Hoja ya makala haya si kwamba Kiswahili kikalie kiti cha Kiingereza.

Ila pingamizi hilo linafichua jambo lililojificha zaidi. Taaluma haikuzikataa lugha za Kiafrika zote kwa usawa. Mato oput ya Waacholi, gacaca ya Rwanda na ubushingantahe wa Burundi vimo katika vitabu vya kiada, tena kwa majina yake halisi. Viliingia kwa sharti moja, kwamba viitwe mila. Vilipewa sura ya “mbinu za jadi”, na huko vinasomwa kama urithi wa mababu, hata pale ambapo gacaca ya miaka ya 2000 ilikuwa taasisi ya sheria iliyobuniwa na dola ya kisasa. Muafaka na maridhiano havikupata sura. Havikuwa vya kale vya kutosha. Vilikuwa fikra za wanasiasa wa vyama vingi, wenye suti na makatibu muhtasi, waliofikiri juu ya mamlaka kwa lugha ya Kiafrika, na kwa fikra ya namna hiyo mtaala hauna rafu.

6.0 Mahali pa kuanzia

Mageuzi yanayohitajika si ghali. Tasnifu za Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na huhitimishia shahada ya uzamivu. Hakuna sababu ya kitaaluma inayozuia tasnifu ya amani na migogoro kuandikwa hivyo, ikiwa msimamizi na mtahini wapo. Ugumu upo kwenye istilahi za usuluhishi, ambazo sheria za nchi zimezigawa bila kushauriana: Tanzania ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika masuala ya kazi, ambamo usuluhishi ni kazi ya mtu asiye na mamlaka ya kuamua, wakati Kenya hutumia usuluhishi na upatanishi kwa kubadilishana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ingeweza kulishughulikia hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa mkataba wa amani unaotafsiriwa kwa istilahi zinazopishana ni mgogoro mwingine.

Jambo la haraka zaidi ni usomaji. Majadiliano ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar huendeshwa na kunakiliwa kwa Kiswahili, ukiwemo mjadala wa Januari 2010 uliofungua njia ya kura ya maoni. Humo wawakilishi wa vyama viwili vilivyokuwa na maiti baina yao walilazimika kusema, kwa lugha ambayo wapiga kura wao wangeielewa bila mkalimani, wanakubali nini na wanaridhia nini. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, wiki mbili za kuusoma mjadala huo mstari kwa mstari, pamoja na maandishi ya muafaka wa 1999 na wa 2001, zingetosha kuanzia, na Galtung angesomwa wiki ya tatu.